Maputo ya hewa kwa pikapu iliyoshushwa: lipi la kununua

Kabla ya kuuliza bei, ingia chini ya gari na futi ya kupimia. Pikapu ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, kati ya ekseli ya nyuma na chesisi kuna nafasi ya kuweka puto la hewa la kusaidia springi kubeba mzigo. Wenye Chevrolet Silverado kule Marekani wakitaka gari likae chini inchi 5 au 6, huihamisha ekseli kutoka chini ya springi za majani (bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine) ikakaa juu yake. Nafasi ya puto ndiyo inayoliwa hapo. Kwa hiyo uzito ulioandikwa kwenye boksi la puto usikubabaishe. Angalia nafasi iliyobaki.

1. Seti za magari yaliyoshushwa. Mfano ni SlamAir ya kampuni ya Air Lift. Puto lake limetengenezwa kwa nafasi finyu, na vishikizo vyake vimepangwa kwa ekseli iliyopanda. Anayebeba pikipiki au kuvuta trela dogo wikendi, anunue hii. Lakini kama gari limeshuka sana na chesisi haijakatwa umbo la C juu ya ekseli na kuimarishwa kwa chuma, pesa ya kwanza iende huko. Ekseli inayogonga chesisi haitibiwi na puto.

2. Air Lift 1000, kwa springi za koili (chuma kilichozungushwa). Pikapu ya Ram 1500 ina koili nyuma tangu modeli ya 2009. Hapa puto ni silinda inayoingia ndani ya koili yenyewe: inasaidia hadi pauni 1,000, yaani kama kilo 450, na haizidishwi psi 35 (psi ni kipimo cha presha ya hewa). Ni ya bei nafuu. Koili zako zikiwa fupi kuliko za kiwandani, pima urefu wa ndani kabla ya kuagiza.

3. Springi za raba au povu gumu, kama Timbren au SumoSprings. Hazijazwi hewa, hazivuji. Shida ni kwamba huwezi kuzilegeza, na kwenye gari lililoshushwa hugusa mapema, kwa hiyo hata likiwa tupu utarushwa kwenye kila tuta.

4. Maputo makubwa, kama LoadLifter 5000 au Ride-Rite. Kwenye pikapu ya kawaida ni kazi nzuri sana, hadi pauni 5,000. Kwenye iliyoshuka inchi 4 na zaidi, puto linabanwa kabla hujapakia chochote, linasuguana, mwishowe linapasuka. Kwa aliyeshusha inchi moja tu, sawa, akishapima.

Usilonunua ni jani la ziada la springi: litanyanyua gari ulilolipa kulishusha. Na hakuna seti hata moja kati ya hizi inayoongeza uzito unaoruhusiwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Kompresa ya kuwashia ndani ya gari ni anasa. Pampu ya matairi inatosha. Usichobania ni mipira ya kupitishia hewa: kila puto liwe na mpira wake na valvu yake. Ukiyaunganisha, kwenye kona hewa hukimbilia upande usiolemewa, gari likazidi kulala. Maputo mengi hayatakiwi kushuka chini ya psi 5, hata bila mzigo. Mpira usipite karibu na eksozi.

Ukishafunga, pulizia maji ya sabuni kwenye viungio. Povu likitoka, chomoa mpira, kata ncha kwa wembe ikae sawasawa bila mshazari, kisha urudishe.