Ibanez TS9 baada ya marekebisho madogo ya ndani: uzoefu wangu

Ninaitumia pedali ya Ibanez TS9, kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachoikwaruza sauti ya gitaa la umeme, kwa gitaa la solo katika bendi ya dansi hapa Dar es Salaam, na tathmini hii ninaiandika kwa ajili ya mpiga gitaa anayetamani kuifungua pedali ya namna hii na kubadilisha vipuri viwili vitatu kwa mkono wake, ilhali hajawahi kulehemu chochote. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: katika marekebisho yote yanayopigiwa debe kwa pedali hii, lenye faida kubwa kuliko yote ni la kapasita (kipuri kidogo kinachohifadhi umeme) moja ya bei ndogo kabisa, na lile linalosifiwa zaidi, la kubadilisha chipu inayokuza sauti, halikunipa tofauti niliyoisikia.

TS9 ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1982 ikiwa mrithi wa TS808, pedali ya awali ya Ibanez, na tabia yake wapigaji wanaifahamu: inakwaruza sauti kwa upole, inayaleta mbele masafa ya kati na kuyapunguza ya chini. Huko kupunguza besi si kasoro hata kidogo. Katika bendi yenye gitaa la besi, ridhimu, tumba na saksofoni, solo lililokonda kidogo chini hupenya bila kugombania nafasi na ala nyingine. Upungufu hujitokeza unapopiga na kundi dogo, kwa mfano kinanda na ngoma pekee, kwa kuwa hapo sauti hubana na kutokea puani.

Sababu yake iko mahali pamoja. Kwenye hatua ya chipu inayokuza sauti, resista (kipuri kinachozuia umeme) ya kilo-omu 4.7 imeunganishwa kwa mfululizo na kapasita ya mikrofaradi 0.047, na vipuri hivyo viwili kwa pamoja huweka mpaka kwenye Hz 720 (mitetemo 720 kwa sekunde), ambapo sauti iliyo chini yake huzidi kupungukiwa na ukuzaji kadiri inavyoshuka. Ukikumbuka kwamba uzi wa sita ukipigwa wazi hutoa Hz 82, utaelewa kwa nini nyuzi nene hazipati uzito. Ukiweka kapasita ya 0.1, mpaka hushuka hadi karibu na Hz 340, na ukiweka ya 0.22 hushuka hadi Hz 154 hivi. Nilizijaribu zote mbili. Ile ya 0.22 inapendeza ukiwa peke yako chumbani, lakini bendi nzima inapoingia na Drive (kitufe cha kuongeza mkwaruzo) ikiwa juu, nyuzi mbili nene zikipigwa pamoja huvurugika na kumkanyaga mpiga besi. Ya 0.1 ndiyo niliyoiacha ndani: sebene inabaki na ule wepesi wake wa juu, ila ninaposhuka kwenye uzi wa nne na wa tano noti zinakuwa na mwili, na sihitaji tena kuongeza besi kwenye amplifaya kila ninapoikanyaga pedali.

Kazi yenyewe inamfaa anayeanza. Kapasita ya zamani hutambulika kwa namba 473, na mpya ya 0.1 huandikwa 104. Ukichukua ya filamu, haina upande wa chanya wala wa hasi, hivyo huwezi kuigeuza vibaya. Chomoa adapta, toa betri, ugeuze ubao wa saketi, kisha gusisha ncha ya pasi ya kulehemu kwenye mguu wa kapasita kwa sekunde mbili au tatu hadi risasi iyeyuke, na uifyonze kwa utepe wa shaba. Mguu ukikataa kutoka, ongeza risasi mpya kidogo na uipashe tena badala ya kuvuta kwa nguvu, kwa sababu kijiduara cha shaba kilichogandishwa kwenye ubao hubanduka kikipashwa moto kupita kiasi, na kukirudisha ni kazi ya fundi mzoefu. Volti 9 za pedali hazitakudhuru. Nakusihi tu usiuhamishie ujasiri huo kwenye amplifaya ya valvu, ambamo mna mamia ya volti na kapasita zinazoweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Rekebisho la pili nililolipenda ni la dayodi, kipuri kinachopitisha umeme upande mmoja tu. TS9 ina dayodi mbili za silikoni zinazotazamana kinyume, nazo hukata kilele cha sauti sawasawa juu na chini. Ukiongeza dayodi ya tatu kwa mfululizo upande mmoja, ukataji wa juu na wa chini hauwi sawa tena, jambo ambalo pedali ya Boss SD-1 inalo tangu kiwandani, na mkwaruzo huwa na chembechembe zaidi pamoja na sauti kubwa kidogo. Zingatia mstari uliochorwa kwenye dayodi, kwa maana hapa mwelekeo ni lazima uwe sahihi. Nilijaribu pia taa ndogo nyekundu za LED badala ya dayodi zote mbili. Kwa kuwa hizo zinahitaji takriban volti 1.8 kabla ya kupitisha umeme, zikilinganishwa na 0.6 za silikoni, pedali ilipata sauti kubwa na wazi, lakini ule mnato unaorefusha noti ya solo ukapotea, nami siwezi kuishi bila huo.

Wanaotaka kuigeuza TS9 kuwa TS808 hubadilisha resista mbili zilizo kwenye njia ya kutolea sauti, ya omu 470 kuwa 100 na ya kilo-omu 100 kuwa 10. Kwa amplifaya yangu sikuisikia tofauti.

Ama chipu, wapo wanaolipa fedha nyingi kwa JRC4558D ya zamani, wakiamini kwamba uchawi wa pedali umo humo. Niliweka soketi ya miguu minane ili nibadilishe bila kulehemu upya, nikazisikiliza ya zamani na mpya za 4558 zikiwa na kapasita na dayodi zilezile, Drive ikiwa palepale. Kwa masikio yangu zilikuwa sawa. Soketi yenyewe ni nzuri kuwa nayo, kwani siku chipu ikiungua utaitoa kwa bisibisi ndogo, lakini fedha ya chipu ya zamani ingenunua pasi nzuri yenye kidhibiti joto.