Keki ya Kahawa ya Pakiti: Inakupunguzia Kazi Gani Hasa?

Haya jamani, karibuni jikoni. Leo tunaijaribu hii pakiti, unga wa keki ya kahawa uliochanganywa tayari. Na kabla hamjaniuliza: humu ndani hamna kahawa hata chembe. Wamarekani wakisema keki ya kahawa wanamaanisha kitafunio cha kushushia na kahawa. Waingereza ndio wanaotia kahawa yenyewe, pamoja na jozi, zile njugu zinazoitwa walnut. Kwa hiyo soma viungo kwanza, usije ukamlaumu muuzaji bure.

Ndani kuna mifuko miwili: mkubwa wa unga, mdogo wa chengachenga za mdalasini za kunyunyiza juu. Unaongeza mayai, mafuta na maji, unakoroga, unaoka kwenye moto wa nyuzi 180 za Selsiasi. Rahisi.

Sasa nakata, angalieni. Imeumuka vizuri, laini, sina ugomvi nayo. Lakini chenga ziko wapi? Hizi hapa, zimezama, zimekuwa mstari wa tope tamu katikati! Nilipouonja ule mfuko mdogo nikaelewa: ni sukari, mdalasini na unga kidogo tu. Siagi hamna. Chenga za kweli, zile Wajerumani wanaziita streusel, unafikicha siagi baridi kwenye unga na sukari kwa ncha za vidole mpaka ipatikane mibonge mibonge. Unga ndio unaoishika ile siagi inapoyeyuka, ndiyo maana juu panabaki pakavu, panavunjika mdomoni.

Na hapo ndipo pakiti inaponishinda. Keki hii haina krimu, haina tabaka za kupanga, haina mapambo. Pambo lake ni hizo chenga. Ukiipika mwenyewe ni bakuli moja na mwiko. Pakiti imekupunguzia kupima unga, sukari na baking poda, basi. Mayai bado unavunja wewe, na vyombo havijioshi. Tena imekunyima mtindi, ambao ndio unaoifanya keki iwe nyororo na isikauke upesi.

Pakiti ya pili sikuitupa. Ule mfuko mdogo nimeuongezea vijiko viwili vya unga na viwili vya siagi baridi, badala ya maji nikaweka mtindi mzito, na chenga nikazimwaga keki ikiwa imeshakaa ndani ya oveni dakika kumi, juu pameanza kushika. Hii hapa. Sikilizeni kisu kinavyolia.