Burke au de Maistre, uhafidhina upi?

Watu wakisikia wahafidhina, yaani wale wanaotaka kulinda mila na mfumo uliorithiwa, wanadhani wote lao moja, wapi! Chukua Edmund Burke na Joseph de Maistre, waandishi wa siasa wa zama hizo, wote waliyachukia mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 ila kila mtu na yake. Burke, mbunge wa Uingereza, hakukataa mabadiliko, alitaka tu yaje polepole bila kubomoa kilichorithiwa, na huyohuyo ndo aliwatetea walowezi wa Marekani bungeni kwenye ile ishu ya kodi walizotozwa na Uingereza. De Maistre sasa, huyo moto mwingine, kwake mfalme na Papa ndo kila kitu, mpaka akaandika eti mnyongaji ndiye anayeishikilia jamii isisambaratike. Mi Burke ananiingia akilini zaidi, japo de Maistre anasomeka kwa raha kinoma.