Uzoefu wangu wa kusaka waandishi wapya wa riwaya: wa kwenye simu na wa kwenye tuzo

Ukitaja riwaya za Kiswahili mbele ya watu wa rika langu, hakosekani mmoja wa kukwambia kwamba waandishi waliisha na akina Musiba na Mtobwa. Atakutajia Willy Gamba, atakutajia Joram Kiango, wale wapelelezi wa kwenye riwaya zao, kisha atasema vijana wa siku hizi hawajui kuandika, wanajua kuposti tu. Muulize riwaya ya mwisho aliyoinunua ni ipi na aliinunua mwaka gani. Hapo ndipo mazungumzo yanapohamia kwenye mpira.

Mimi nanunua. Nauza kwenye duka la dawa hapa Mwanza, na duka la dawa lina saa zake za kukaa bila mteja, hasa baada ya saa mbili usiku. Saa hizo nimezitumia kusoma watu nisiowajua majina. Kwa hiyo haya ninayoandika ni maoni ya mteja aliyetoa hela yake, si ya mhakiki, na nitasema pia wapi hela ilipotea.

Nianze na simulizi za WhatsApp, maana huko ndiko wasomaji walikohamia wakati sisi tunalalamika kwamba watu hawasomi. Kwa asiyejua, utaratibu wake ni huu: mtunzi anafungua kundi, anarusha sehemu za mwanzo bure, moja au mbili kila jioni. Hadithi ikishakolea, mhusika kafumaniwa au bunduki imeelekezwa kichwani, linatokea neno ITAENDELEA kwa herufi kubwa. Baadaye linafuata tangazo: anayetaka yote mpaka mwisho atume 1,000 au 2,000 kwa namba hii, jina litatokea fulani. Ukituma pesa na ujumbe wa muamala, unarushiwa faili la PDF au unahamishiwa kundi la waliolipia. Kundi zima wakati huo linalia arosto. "Mtunzi tuonee huruma." "Kaka mtunzi nipe hata nusu sehemu, nitalipa mshahara ukitoka."

Wanaoubeza mtindo huu wamesahau magazeti. Eric Shigongo aliuza hadithi kwa mtindo huohuo kwenye magazeti ya Global Publishers, na kuna kina mama waliokuwa wakinunua gazeti, wanaanza na ukurasa wa hadithi, habari nyingine zinasomwa baadaye au hazisomwi kabisa. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtunzi anamsikia msomaji siku ileile. Sehemu ikiwa mbovu kundi linanyamaza, na mtunzi mwerevu anajua maana ya ukimya ule.

Ndiyo maana watunzi wa huko wana kitu ambacho sikipati kirahisi kwenye vitabu vilivyochapishwa, nacho ni mazungumzo. Watu wao wanaongea kama watu. Konda anaongea kama konda, mama mwenye nyumba anadai kodi kwa yale maneno ambayo mama mwenye nyumba wangu anayatumia. Nimekutana na binti mmoja anayeandika kutoka mkoani, hajawahi kuchapisha hata kijitabu, lakini akiweka watu wawili mezani wagombane, mimi nasahau mteja kasimama dirishani. Jambo la pili zuri ni kwamba unaonja kabla ya kulipa. Sehemu tano za bure zinatosha kukuambia kama huyu ni mtu wako au la.

Ubaya unakuja mwishoni. Wengi wanajua kuanza, wachache wanajua kumaliza. Hadithi iliyotakiwa kuisha sehemu ya ishirini inavutwa mpaka ya sitini kwa sababu wanaolipa bado wapo. Aliyekufa anafufuka, kumbe aliyezikwa alikuwa pacha wake. Mhusika aliyeitwa Sarah mwanzoni anaamka Salma na hakuna anayeshtuka. Uhariri haupo kabisa: l na r zimebadilishana viti, h imeongezwa pasipotakiwa, aya moja inajaza kioo kizima cha simu. Mimi navumilia makosa ya herufi kama hadithi inakwenda. Nisichovumilia ni mtunzi mmoja, simtaji, aliyepokea 2,000 yangu halafu namba ikawa haipatikani tena. Hela yenyewe si nyingi, ila kile kisa cha yule mchimbaji wa Geita sitakijua mwisho wake, na hilo linaniuma kuliko hiyo 2,000.

Halafu kuna wizi. Simulizi inazunguka kwenye makundi mengine ikiwa imefutwa jina la mtunzi juu, imewekwa namba ya mtu mwingine wa kupokea pesa. Sinunui kwa mtu ambaye sina uhakika kwamba ndiye aliyeandika. Namna ya kumjua ni rahisi: muulize swali kuhusu mhusika ambaye bado hajatokea. Mwenye hadithi atacheka na kukwambia usubiri. Mwizi atakujibu "lipia utaona".

Njia yangu ya pili ni tuzo. Naitumia orodha ya washindi kama mtu anavyotumia cheti cha daktari kuja dukani kwangu: angalau kuna mtu aliyesomea amekwisha kuangalia. Ya kwanza kuifuata ilikuwa Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Afrika, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi, ambayo siku hizi inaitwa kwa jina la Safal, kundi la kampuni za mabati. Ndiyo, mabati yale ya kuezekea. Waliotoa fedha ni Mabati Rolling Mills ya Kenya na ALAF ya hapa kwetu, pamoja na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Zawadi zake kwa jumla zilikuwa dola 15,000, zikigawanywa kwa riwaya na ushairi. Kwangu mimi msomaji kilicho kikubwa zaidi ni kwamba tuzo inapokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Maana yake ni kwamba mtu asiye na jina wala mchapishaji anaweza kutokea ghafla na kitabu chenye jalada. Kadhaa kati ya vilivyoshinda vimechapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam.

Huko nimewapata watu watatu ninaowapendekeza bila kusita. Ali Hilal Ali, aliyeshinda kwa riwaya mwaka 2017 na *Mmeza Fupa*. Zainab Alwi Baharoon, wa mwaka uliofuata, na *Mungu Hakopeshwi*. Na Lello Mmassy, aliyeshinda baadaye kwa *Mimi na Rais*. Hadithi zenyewe siwasimulii, maana kuna watu ukishawaambia nani anamwoa nani, kitabu hawakigusi tena.

Ninachoweza kusema ni nani nampa kipi. Mwanaume anayedai hasomi riwaya tangu amalize kidato cha nne namwanzisha na Mmassy. Jina la kitabu peke yake linamfanya aulize "mimi nani, na rais yupi?", na akishauliza hivyo ameshakamatika. *Mmeza Fupa* nampa mtu ambaye tayari ana mazoea ya kusoma. Kina Kiswahili cha visiwani, na sisi wa bara kuna mahali inabidi tupunguze mwendo. Sioni hilo kuwa kasoro, ila usimpe mtu anayetaka kumaliza kitabu kwenye safari ya basi.

*Mungu Hakopeshwi* nilimwazima wifi yangu, ambaye kwa kawaida kusoma kwake ni meseji na orodha ya michango ya harusi. Akakaa nacho, kikapitishwa kwa jirani, nikaanza kukata tamaa ya kukiona tena. Kilirudi kikiwa na doa la mchuzi kwenye jalada na swali: "Wifi, huyu mama mambo ya ndani ya nyumba za watu kayajuaje?" Hakuna sifa za nyuma ya jalada zilizowahi kunishawishi kama hilo swali.

Sasa kasoro za vitabu vya tuzo, maana zipo. Baadhi vinaanza taratibu mno. Kuna mwandishi anayetumia kurasa tatu kueleza machweo wakati mimi nataka kujua kwa nini mlango uko wazi. Ukisoma unahisi kabisa kwamba anawaandikia majaji, amejaza methali na misamiati ili asifiwe. Mtunzi wa WhatsApp angefanya hivyo, kundi lingehama usiku uleule. Lakini kitabu cha tuzo kina mwisho, mwisho uliopangwa, na wahusika wanabaki na majina yao. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoniambia nichague upande mmoja. Simu inaniambia nani anaweza kunishika, tuzo inaniambia nani anaweza kunifikisha. Nikimpata mtunzi wa kwenye simu anayejua na kumaliza, huyo namtangaza dukani kama dawa ya kikohozi msimu wa baridi.

Tuzo nyingine ya kufuatilia ni ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Washindi wa kwanza walitangazwa mwaka 2023, na hutangazwa Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Mshindi wa kwanza hupewa shilingi milioni 10, na miswada inayoshinda huchapishwa na kupelekwa shuleni. Wazo zuri, ila linatuacha sisi tuliomaliza shule zamani tukiazima vitabu kwa watoto wa majirani. Kenya mambo hayako mbali na hapo: watu wengi huko wanawajua waandishi wa Kiswahili kupitia vitabu teule vya mtihani. Ndivyo Assumpta Matei na Clara Momanyi walivyosomwa na kizazi kizima cha wanafunzi, *Chozi la Heri* kwanza na *Nguu za Jadi* baadaye. Swali langu ni nani anawasoma pale mtihani ukishapita.

Kupatikana kwa vitabu ndiko kunakonifanya nikate nyota. Duka la vitabu la mtaani kwetu linauza rimu, madaftari, vitabu vya shule na vitabu vya dini. Ukiuliza riwaya unaonyeshwa kabati la chini lenye nakala mbili zilizopauka. Kwa hiyo naagiza Dar kwa simu, nalipa, kifurushi kinapandishwa basi, nakifuata stendi ya Nyegezi. Riwaya moja kwa kawaida inaniangukia kati ya 10,000 na 20,000, halafu kuna gharama ya mzigo, ambayo ni ileile uwe umeagiza kitabu kimoja au vinne. Tunaagiza kwa kuchangishana, watu watatu au wanne. Kuna muuzaji mmoja alinitumia nakala ambayo kurasa za katikati zilijirudia na nyingine hazikuwepo. Alipokea malalamiko yangu kwa maneno matamu sana na hakubadilisha kitu.

Kuna njia ya tatu ambayo sikuitegemea. Binamu yangu anayeishi Minnesota, Marekani, alinunua kitabu cha Kiingereza kinachoitwa *No Edges*, kilichotolewa mwaka 2023 na Two Lines Press. Kina hadithi zilizotafsiriwa kutoka Kiswahili, za watu kama Fadhy Mtanga, Lilian Mbaga na Mwas Mahugu, yule Mkenya anayeandika kwa Sheng. Akanipigia simu kunisifia Lilian Mbaga kana kwamba mimi ndiye niko ugenini. Nilicheka, kisha nikaona aibu kidogo kwa niaba ya nchi nzima: msomaji wa Minnesota ameletewa waandishi wetu wakiwa wamepangwa vizuri kwenye jalada moja, na mimi wa Mwanza nawatafuta mmoja mmoja kwa simu. Jambo kama hilo lilitokea pia kwa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar anayeandika kwa Kiingereza. Baada ya Nobel ya mwaka 2021 kila mtu alitaka kumsoma, na tukasubiri hadi 2022 ndipo Ida Hadjivayanis akatuletea *Peponi* kwa Kiswahili. Kwa dunia Gurnah ni mkongwe, kwa wifi yangu ni mwandishi mpya kabisa.

Kuhusu kumpendekezea mtu kitabu, nimeacha kusema "ni kizuri sana, kisome". Namuuliza kwanza anaangalia tamthilia gani kwenye televisheni. Anayefuatilia zile za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili anataka familia, siri na mama mkwe, na hao kwenye simulizi za simu wamejaa tele. Anayeangalia mpira na taarifa ya habari nampa upelelezi au siasa. Kisha namsomea ukurasa wa kwanza hapohapo kaunta, kwa sauti, huku namhesabia vidonge vyake. Akiniambia "endelea", kitabu kimepata mtu. Akiangalia saa, namrudishia chenji.

Nyota zangu basi, kati ya tano. Simulizi za WhatsApp nazipa tatu: nne kwa utamu na bei, moja nimeikata kwa miisho yake na matapeli. Vitabu vya tuzo nne kwa kilichomo ndani, mbili kwa namna ya kuvipata ukiwa nje ya Dar es Salaam. Anayeanza leo na ana 2,000 tu, aingie kwenye kundi la simulizi, asome za bure, alipe kwa mtunzi mwenyewe. Mwenye 15,000 aagize *Mungu Hakopeshwi*, na akiazimwa na wifi aandike jina lake ukurasa wa ndani kwa kalamu ya wino. Sisi tunaagiza tena mwisho wa mwezi huu. Wifi ameshatoa sehemu yake ya nauli ya mzigo, na safari hii ametaka kuchagua mwenyewe.