Kuhamisha mradi wa programu huria: uchukue mfumo upi wa kutunza matoleo?

Mifumo hii, inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko la msimbo (maandishi ya programu), karibu yote ni ya bure, ila kuhama kwenyewe kuna gharama. Unalipa kwa siku za mapumziko za watunzaji wa mradi, na kwa historia ya msimbo, ambayo ukiihamisha ovyo ni kazi kubwa kuirekebisha. Nimeipanga kwa kigezo kimoja: mgeni aliyeona kosa leo na anataka kulirekebisha, wapi atafika upesi?

Wa kwanza ni Git, na unaofuata uko mbali sana nyuma. Linus Torvalds aliuanzisha Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, mfumo waliokuwa wakiutumia. Siku hizi wachangiaji wengi wanakuja wakiwa tayari wanaujua, na hilo linazidi sifa nyingine zote. Watengenezaji wa lugha ya programu ya Python walihamia Mercurial, mfumo mwingine wa aina hii, mwaka 2011, wakalazimika kuhama tena kuingia Git mwaka 2017. Kazi ileile mara mbili! Udhaifu wake ni amri zake: kwa miaka mingi amri moja, checkout, ilikupeleka kwenye tawi jingine (mstari sambamba wa kazi) na pia iliweza kukufutia mabadiliko ambayo hujayahifadhi. Amri za switch na restore zilikuja 2019 kutenganisha kazi hizo. Mfundishe mgeni hizo mbili.

Chaguo la pili ni kubaki ulipo, hasa kama mko Mercurial. Ulianza mwezi uleule na Git, na amri zake ni rahisi zaidi kueleweka. Kilichoupunguzia nguvu ni mazingira: Bitbucket, tovuti ya kuhifadhi miradi ya msimbo, iliacha kuuhudumia mwaka 2020. Kama seva ni yenu na wachangiaji hawalalamiki, sioni sababu ya kuhama.

Fossil ni wa tatu. Ndio unaotunza msimbo wa hifadhidata ya SQLite, na ndani ya programu ya Fossil yenyewe mna tiketi (za kuripoti makosa), wiki na tovuti. Unafaa kundi dogo linalofahamiana. Subversion nauweka mwisho, isipokuwa mradi wenu umejaa picha na sauti nzito: unaruhusu mtu kufunga faili anapolifanyia kazi, na hakuna anayelazimika kupakua historia nzima.

Jujutsu nimeuacha nje ya orodha kwa makusudi. Unafanya kazi juu ya hazina ya Git (ghala la msimbo na historia yake), kwa hiyo yeyote anaweza kuutumia kwenye kompyuta yake bila kuwahamisha wenzake.

Mkitoka Subversion kwenda Git, msianze na msimbo, anzeni na majina ya watu. Subversion huandika jina la kuingilia tu, tuseme “mk2”. Git unataka jina kamili na baruapepe. Andaeni faili la majina, mstari mmoja kwa kila mtu, kisha ipeni faili hilo zana ya git svn, inayohamisha historia kutoka Subversion. Ikikutana na jina lisilomo, inasimama papo hapo. Msikwepe hapo kwa kuandika “hajulikani”. Mtafuteni mwenyewe, maana ni kazi yake na anastahili jina lake libaki.

Pia maelezo ya zamani yatakuwa na maneno kama “tazama r4512”, yaani namba ya badiliko katika Subversion, na Git hauna namba hizo. Iacheni seva ya zamani iendelee kusomeka, bila kuandikika, hadi namba zote ziwe zimeandikwa upya.