Ukame na bunduki: nani anamchagua tembo?

Ukame humpendelea tembo mwenye pembe imara. Huchimba mchanga wa mto uliokauka mpaka maji yatokeze, hubandua magome, na ndama wake anashiba. Bunduki imegeuza kibao: pembe ile ile ndiyo inayomponza. Kule Gorongosa, Msumbiji, vita vya 1977 hadi 1992 viliangamiza zaidi ya asilimia 90 ya tembo, na majike wasio na pembe wakaongezeka kutoka takriban asilimia 18 hadi karibu nusu. Ukame hufanya kazi yake polepole, kizazi baada ya kizazi; sisi ilitutosha miaka 15. Kinachoniuma zaidi ni madume: inaelekea wanaorithi jeni ya kukosa pembe hufia tumboni.