Winchester 94 iliyotumika: dola ngapi ndiyo bei ya haki?

Ni vigumu kukuta duka la bunduki zilizotumika nchini Marekani lisilo na Winchester 94, bunduki ya uwindaji inayopakiwa kwa kuvuta wenzo ulio chini ya triga, ukutani. Zimetengenezwa zaidi ya milioni saba tangu 1894, nyingi zikiwa karabini za mtutu wa inchi 20 zinazotumia risasi ya .30-30, kwa hiyo si kitu adimu hata muuzaji akikuapia. Hata hivyo bunduki mbili zinazofanana machoni zinaweza kupishana bei mara mbili, na sababu inasomeka kwenye chuma chenyewe.

Anza na mwaka. Namba ya mfululizo imegongwa chini ya mwili wa bunduki, mbele ya wenzo. Mwaka 1964 kiwanda cha New Haven, Connecticut, kilipunguza gharama na namba zikaanzia 2,700,000; iliyo chini ya hapo ni ya zamani, na soko linailipia. Hiyo si sifa ya bure. Kabla ya hapo vipuri vilichongwa kwenye chuma kigumu na kuungwa kwa pini zilizojaa. Za 1964 zilitoka na kinyanyuzi cha risasi cha bati lililokunjwa, pini zenye uwazi ndani, na mwili wa aloi usiokubali dawa ya kawaida ya kuupa chuma weusi. Ndiyo maana bunduki za miaka ya 1960 na 1970 mara nyingi zina mtutu mweusi safi na mwili uliobanduka rangi au wenye madoa, na fundi akijaribu kuurudishia rangi kwa njia ya kawaida unatoka mwekundu au wa zambarau. Kwa mwindaji hiyo ni kasoro ya sura tu. Kinyanyuzi cha bati ndicho cha kuangaliwa, kwa kuwa kikipinda risasi haipandi sawasawa kuelekea chemba, ile nafasi ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi.

Zilizofuata zina alama zake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 ganda linatupwa kwa mshazari upande wa kulia badala ya kuruka juu moja kwa moja, ili darubini ikae juu ya mwili. Mwaka 1992 ikaongezwa sefti (kizuizi cha kufyatua) ya kubonyeza inayopita ubavuni. Wengi wanaichukia, na chuki hiyo inashusha bei, jambo zuri kwako usipojali sura. Mwaka 2003 sefti ikahamia nyuma ya nyundo. New Haven ilifungwa 2006, na tangu 2010 jina hilo linabebwa na bunduki zinazotengenezwa na Miroku, Japani. Hizi za Japani zimeundwa vizuri kuliko nyingi za New Haven za mwisho, lakini hazina wakusanyaji wanaozitafuta, basi zipime kama bunduki mpya iliyotumika kidogo, si kama urithi.

Kwa makadirio yangu, karabini ya .30-30 ya baada ya 1964 iliyo nzima na inayofanya kazi ni dola 500 hadi 700. Ya kabla ya 1964 yenye rangi nyingi ya kiwanda, isiyotobolewa wala kupakwa upya, inaanzia kama 900 na kupanda. Ya umri huohuo iliyochezewa inarudi karibu kabisa na ile ya kwanza, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoliwa: wanalipia mwaka wakati thamani iliyokuwa ndani ya mwaka huo ilishaondolewa na drili.

Madhara ya drili yanahitaji maelezo. Kwa kuwa 94 za zamani hutupa ganda juu, waliotaka darubini walitoboa ubavu wa kushoto ili kufunga kishikio cha pembeni. Matundu hayo hayafutiki, hata yakizibwa kwa skrubu na kupakwa rangi. Tofautisha na matundu madogo mawili ya kilengeo cha nyuma ambayo baadhi ya bunduki zilitoka nayo kiwandani, upande huohuo wa kushoto, nyuma ya mwili: hayo yamepangwa sawa, yana skrubu ndogo za kujazia, na hayapunguzi kitu. Tundu lolote lingine kwenye bunduki ya kabla ya 1964 linaondoa, kwa kipimo changu, theluthi moja hadi nusu ya bei ya mkusanyaji. Kitako kilichokatwa ili kuwekewa raba, au kilichotobolewa kwa vishikizo vya mkanda, ni hasara ndogo zaidi, ila bado ni hasara.

Halafu skrubu. Mfereji wa skrubu uliochanika ni dalili kwamba mtu asiye na bisibisi sahihi alishaifungua bunduki, na aliyeifungua hivyo huenda aligusa na chemchemi. Tafuta pia herufi za kiwanda zilizofifia na kona za mwili zilizoviringika: hiyo ni bunduki iliyopigwa msasa na kupakwa upya. Inang'aa kuliko iliyochakaa kihalali, lakini mkusanyaji atailipia pungufu. Rangi iliyolika sehemu ya chini ya mwili, pale mwindaji anapoibebea, ni uchakavu wa kawaida na haina aibu yoyote.

Usiishike bunduki yoyote kabla ya kuomba ruhusa, kisha hakikisha ni tupu: fungua wenzo, tazama chemba, tazama na mdomo wa magazini ya bomba kama kuna risasi iliyobaki. Baada ya hapo kagua nyuma ya mwili, pale mbao zinapokutana na mkia wa juu wa chuma. Skrubu ya hapo ikilegea, kitako kinapigwa na mshtuko kila risasi inapotoka na mbao hupasuka kufuata nyuzi zake. Ufa wa urefu wa ukucha unaweza kugundishwa. Ukishafika kwenye shingo ya kitako, hesabu gharama ya kitako kingine, na cha asili cha kabla ya 1964 hakipatikani rahisi.

Mtutu wa 94 una ugonjwa wake maalumu. Komeo, kile chuma kinachofunga nyuma ya chemba, halitoki bila kufungua nusu ya bunduki, kwa hiyo karibu kila mwenye nayo aliisafisha kutokea mdomoni, na fimbo ya chuma ikasugua ukingo wa mdomo miaka mingi. Matokeo yake ni bunduki yenye michirizi (mifereji inayozungusha risasi) mizuri ndani lakini inayotawanya risasi. Mulika kwa tochi: mistari ya michirizi ifike wazi hadi ukingoni pande zote. Ikiwa upande mmoja umelika, fundi anaweza kuuchonga upya ukingo, lakini omba punguzo la kazi hiyo. Bunduki za kabla ya miaka ya 1930 zina hatari ya ziada. Risasi za wakati ule zilikuwa na viberiti (viwashio vya baruti kwenye kitako cha ganda) vyenye chumvi, na mtutu usiooshwa siku ileile uliota kutu ya vishimo. Weusi mwepesi ndani si tatizo kwa kulungu wa umbali wa yadi 100. Vishimo vinavyoonekana kama mchanga uliomwagika ni tatizo, hasa ndani ya chemba, kwa kuwa ganda hunata na kugoma kutoka.

Mitambo ipimwe kwa risasi bandia tatu au nne, kamwe si risasi hai dukani. Pakia kupitia mlango wa ubavuni, kisha vuta wenzo mpaka mwisho na kuurudisha kwa kasi ya kawaida. Risasi ipande yenyewe, iingie, na ganda litupwe bila kusaidiwa. Ikikwama ikiwa imeelekea juu, tuhumu kinyanyuzi; ganda likibaki chemba, tuhumu kikucha kinacholing'oa. Kwenye bunduki ya zamani vuta nyundo mpaka ishike nusu ya safari yake, kisha vuta triga kwa nguvu ya kawaida: nyundo isianguke. Ikianguka, hiyo si bunduki ya kujadili bei mpaka fundi aishike. Kisha acha wenzo umelegea kidogo na ujaribu triga; inapaswa kugoma mpaka wenzo ubanwe. Muuzaji akiwa na maganda yaliyopigwa na bunduki hiyohiyo, tazama vitako vya maganda hayo: viberiti vilivyochomoza vikihisika kwa kidole vinaashiria nafasi imezidi kati ya komeo na ganda, ingawa risasi dhaifu nazo huleta hali hiyo, kwa hiyo muulize alitumia zipi.

Wengi wanaotafuta 94 huishia kulinganisha na Marlin 336, iliyoanza 1948, na kwa anayetaka kuwinda tu, Marlin ndiyo bora kwa pesa zake. Hutupa ganda ubavuni, inapokea darubini juu, na komeo lake hutoka kwa kufungua skrubu moja ya wenzo, kwa hiyo mitutu yake husafishwa kutokea nyuma na hudumu. Tafuta herufi JM upande wa kushoto wa mtutu karibu na mwili. Ni alama ya kiwanda cha Connecticut kabla ya Remington, iliyoinunua Marlin mwishoni mwa 2007, kuhamishia kazi Ilion, New York. Za miaka ya kwanza baada ya kuhama zilitoka na mbao zisizokaa vizuri na vilengeo vilivyopinda, na zisilipiwe bei ya JM. Kampuni ya Ruger ilichukua jina la Marlin 2020, nazo zake ni nzuri, lakini bei yake mpya inapita dola 1,200, jambo linalozidi kuzivuta juu JM. Kasoro kubwa ya 336 ni kona kali ya wenzo inayochimba kinyanyuzi polepole, mpaka risasi ya pili inachungulia kutoka magazini na kufunga kila kitu katikati ya safari. Ukiona mchubuko mrefu chini ya kinyanyuzi, punguza bei. Ile Glenfield 30, chapa ya bei nafuu ya Marlin, yenye kitako cha mbao za rangi tu ni mashine ileile ndani, na kwa dola 400 hadi 500 ni ununuzi mzuri kuliko wote.

Sasa hesabu yenyewe. Bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni matamanio ya muuzaji. Tazama minada iliyokwisha kwenye GunBroker, tovuti ya minada ya bunduki, yenye mwaka na hali kama ya yako. Tuseme zimeishia karibu dola 650. Muuzaji akikatwa ada ya asilimia 6 anabaki na kama 611. Mnunuzi anaongeza usafirishaji wa 50 na ada ya 30 ya muuzaji mwenye leseni anayeipokea, jumla 730, kabla ya kodi. Wakikutana ana kwa ana, haki ipo kati ya namba hizo mbili, karibu 670, na hakuna anayemwonea mwenzake. Duka litakupa 400 au 450 kwa bunduki hiyohiyo kwa kuwa nalo linahitaji faida, si wizi. Bei hupanda Septemba hadi Novemba, msimu wa kulungu, na hulegea Januari.

Bunduki ikivuka jimbo lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu, pamoja na fomu 4473 anayojaza mnunuzi na ukaguzi wa rekodi zake. Ndani ya jimbo moja sheria hutofautiana. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kununua, lakini mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi isipokuwa kwa misamaha michache, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji.

Mambo mawili ya mwisho hupotosha bei. Matoleo ya ukumbusho, kama ya miaka 100 ya Winchester ya 1966 au ya Buffalo Bill ya 1968, yalitengenezwa kwa wingi; bila boksi, karatasi na wenzo usiowahi kuchezwa, yalipe kama 94 ya kawaida yenye mapambo. Nayo ile Winchester ya wenzo aliyokuja nayo Theodore Roosevelt Afrika Mashariki mwaka 1909 ilikuwa Winchester 1895 ya risasi ya .405, bunduki tofauti kabisa, na bei zake hazisaidii hapa. Ukidhani umepata 94 ya zamani yenye sifa za pekee, namba 1 hadi 353,999 zina kumbukumbu za kiwanda katika jumba la makumbusho la bunduki huko Cody, Wyoming, nao hutoa barua kwa malipo inayosema ilitoka na mtutu gani. Muuzaji anayedai bei ya adimu aioneshe barua hiyo, au ashushe.